Mzigo wa mwenzio si kanda la usufi

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba asiyeubeba huuona mwepesi. Wiki hii, ndugu wasikilizaji, nautumia usemi huo kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka mtaliona halihusiani na Tabora, wala na ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji. Nataka tuzungumze juu ya vyombo ambavyo madaktari huvipitisha mdomoni au kwingineko ili kuchungulia ndani ya mwili wa mgonjwa. Na katika hilo nina swali moja tu: chombo cha namna hiyo kinataka mikono mingapi?

Mimi si daktari. Ni mtu wa historia, na nadai kwamba swali hilo la mikono ni swali la historia. Lilikwisha kuulizwa katika njia ile ya Tabora, na waliolijibu ni wapagazi.

Tuanze basi na njia yenyewe. Katika karne ya 19 karibu kila kitu kilichoingia au kutoka bara kilisafiri juu ya bega au kichwa cha binadamu. Punda walikuwepo, lakini mbung'o hawakuwaacha wadumu. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 800, na hadi Ujiji karibu 1,200. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, ushanga na waya wa shaba vilipanda bara. Wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, au kilo 32 kwa kipimo chetu cha leo.

Ninalotaka mlizingatie ni jinsi mizigo ile ilivyofungwa. Nguo zilikunjwa na kukazwa kwa kamba hadi mtumba ukawa mgumu kama gogo, upate kukaa begani bila kupinda. Waya uliviringishwa, na miviringo hiyo ikafungwa kwenye ncha mbili za mti mmoja, nusu huku na nusu huku, ili mpagazi atie mti begani na uzito ujisawazishe wenyewe. Huo ndio mzega. Mzigo ulitengenezwa umfuate mtu. Mpagazi alipoujaribu akauona mzito mno, au umefungwa vibaya, aliukataa, na tajiri alilazimika kuufungua na kuufunga upya. Tajiri hakuwa na hiari, kwa sababu asiyesikiliza bega la mpagazi hakufika Tabora.

Wageni walijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alijiandaa kuja kuyazunguka maziwa makuu, akaagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames huko Uingereza. Mashua hiyo, Lady Alice, iliundwa katika vipande vitano, kila kimoja kikiwa na urefu wa futi 8, ili ibebwe na watu. Kwa macho ya fundi wa Thames kazi ilikwisha, na ilikuwa kazi nzuri. Lakini ilipofika Unguja na kupimwa, vipande vilikutwa na uzito wa ratili 280 hivi na zaidi. Nani angepita nacho kipande cha namna hiyo katika kichochoro cha porini, chenye upana wa mtu mmoja? Ikabidi fundi mwingine aliyekuwa Unguja, jina lake Ferris, avikate na kuvipunguza upya ndipo wapagazi wakaweza kuvichukua. Mashua ilifuata njia ya misafara hadi Ugogo, ikageuka kaskazini, na mwishoni mwa Februari 1875 ikafika pwani ya Ziwa Victoria. Stanley ndiye anayekumbukwa kwa kulizunguka ziwa lile. Mimi namkumbuka Ferris, kwa sababu ndiye aliyeuliza ni nani atakayebeba.

Sasa tuingie kwenye tiba, na hapo hatuna haja ya kutoka Tabora.

Karibu na mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, pana tembe ambalo leo ni makumbusho. Daktari David Livingstone alikaa huko tangu Februari hadi Agosti 1872. Watu humkumbuka kama mmisionari na msafiri, wakasahau kwamba alisomea udaktari. Alifuzu Glasgow mwaka 1840, na mtihani wake ulikuwa mkali kuliko kawaida kwa sababu alitofautiana na watahini wake kuhusu uwezo wa stethoskopu, kile chombo cha kusikilizia kifua, ambacho wakati huo bado kilikuwa kitu kipya. Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyejua thamani ya kupata habari za ndani ya mwili bila ya kuupasua.

Na yeye mwenyewe alikuwa akivuja damu. Kwa miaka mingi aliteswa na bawasiri na kuhara damu. Alipokuwa kwao katika miaka ya 1864 na 1865, Profesa Syme wa Edinburgh, mpasuaji mashuhuri, alimshauri afanyiwe operesheni. Alikataa, akiogopa habari hizo zisitangazwe magazetini. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa likaibwa na watoro wa msafara. Alipoondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872 kuelekea kusini, damu iliendelea kumtoka, na mwezi Mei 1873 akafariki katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia.

Wenzake wa safari, Susi na Chuma na wengineo, wakaamua kuurudisha mwili pwani. Kabla ya kuukausha ilibidi upasuliwe, na kazi hiyo alipewa Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari huko Unguja. Farijala aliona upande wa kushoto pande la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mkono. Kisha mwili ukasafirishwa, ukapita hapo hapo Kwihara mnamo Oktoba 1873, ukaendelea hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 ukazikwa London.

Tafakarini hilo. Daktari aliyezungukwa na watu waliompenda alivuja damu miaka na miaka, na siku ya kwanza mtu kuyaona ya ndani yake ilikuwa siku ya maiti.

Si kwamba hakuna aliyekuwa akijaribu. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Frankfurt, Ujerumani, alikwisha kutengeneza chombo cha kuchungulia ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1853 Desormeaux wa Paris alileta chake chenye taa ya mafuta. Na mwaka 1868, mwaka ule ule Livingstone alipofika Ziwa Bangweulu, daktari Adolf Kussmaul wa Freiburg alimwita mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga, akampitisha bomba lililonyooka hadi tumboni. Bomba lilipita, lakini mwanga haukutosha, asione la maana.

Tatizo la mwanga lilipata ufumbuzi kidogo kidogo. Mwaka 1932 Rudolf Schindler wa Munich alileta chombo cha kuchungulia tumbo kinachopinda kiasi. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alikijaribu chombo kinachopinda sawasawa, kinachopitisha picha kwa nyuzi nyembamba za kioo. Alikimeza yeye mwenyewe kwanza. Hicho ndicho baba wa endoskopi tunayoijua leo, ile ambayo wagonjwa wetu huita mpira wenye kamera.

Lakini mwanga ulipopatikana, likabaki lile tatizo la mpagazi: mikono. Schindler alipokuwa akimchunguza mgonjwa, alihitaji mtu wa kukishika kichwa cha mgonjwa katika mstari ulio sawa, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mkewe, Gabriele. Bila mikono ya Gabriele, chombo cha Schindler kilikuwa bomba la hatari.

Endoskopi ya leo nayo ina madai yake. Mkono wa kushoto hukamata kichwa cha chombo, na dole gumba huzungusha magurudumu mawili: moja hupeleka ncha juu na chini, jingine kushoto na kulia. Mkono wa kulia husukuma na kuvuta mpira. Mikono miwili imekwisha. Sasa daktari akitaka kupitisha ndani ya mpira huo katheta, yaani kimrija chembamba cha kutibu au kuchukulia kipande cha nyama ya kupima, atakishika kwa mkono gani?

Mtu wa kwanza ninayemheshimu kwa kulijibu swali hilo ni Joaquín Albarrán, mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Paris. Zamani zake madaktari walikuwa na chombo kigumu cha kuchungulia kibofu. Walitaka kupitisha katheta kwenye matundu madogo yanayoleta mkojo kutoka kwenye figo, lakini katheta ilitoka imenyooka na matundu yako ubavuni. Ikawa ni kukipindua chombo chote, na mgonjwa ndiye aliyeumia. Mwaka 1897 Albarrán alitia wenzo mdogo kwenye ncha ya chombo, akauunganisha na kigurudumu kilichoko kwenye mpini. Daktari alikizungusha kwa vidole vyake, wenzo ukainuka, katheta ikageuka kuelekea tundu. Hakuongeza msaidizi, aliiweka kazi chini ya kidole ambacho tayari kilikuwa pale. Wenzo wa aina hiyo bado umo katika vyombo vinavyotumika kufikia mrija wa nyongo.

Si wote waliomfuata. Katika miaka ya 1970 madaktari walipotaka kuingia ndani ya mrija wa nyongo kwenyewe, walipitisha endoskopi ndogo ndani ya kubwa, wakaziita mama na mtoto. Mama alitaka daktari mmoja na mtoto alitaka mwingine, wote mabingwa, wakisogea kwa pamoja. Ni hospitali ngapi duniani zilikuwa na mabingwa wawili wa kusimama kwa mgonjwa mmoja? Hadi katikati ya miaka ya 2000 ndipo kilipopatikana chombo ambacho mtoto hufungwa kwenye mpini wa mama, na daktari mmoja akawaongoza wote wawili.

Hata waya una hadithi yake. Daktari hutanguliza waya mwembamba kama mwongoza njia, kisha katheta hufuata juu yake. Waya wa zamani ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4, na msaidizi alishika ncha ya nyuma. Daktari anapoivuta katheta, msaidizi alipaswa kuusukuma waya kwa mwendo ule ule. Akizidi kidogo au akipungua kidogo, waya unachomoka na safari inaanza upya. Baadaye zikaja katheta zenye mpasuo ubavuni na waya mfupi, na kibanio cha kuukaza waya kwenye chombo chenyewe, hivyo daktari akautawala peke yake. Mambo ni yale yale ya mzega: waya haukubadilika kuwa kitu kingine, ila ulifungwa kwa namna inayomfaa mchukuzi.

Haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, na nitawapa mfano wa kwetu.

Kanda yetu ya ziwa, na sehemu kubwa ya magharibi, ina kichocho. Kuna kichocho cha tumbo ambacho mayai yake hukwama kwenye ini, yakaiziba njia ya damu. Mnakumbuka mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji? Misafara haikukoma, ilizunguka kwa njia nyingine, na Stanley mwenyewe alizunguka kusini. Damu nayo hufanya hivyo. Njia ya ini ikifungwa, huzunguka kupitia mishipa midogo ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba msafara mkubwa. Mishipa huvimba, na siku moja hupasuka. Mgonjwa hutapika damu, na muda wake unahesabiwa kwa saa. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wao juu ya wagonjwa waliolazwa kwa kutapika damu. Zaidi ya nusu ya waliopimwa kwa endoskopi walikuwa na mishipa iliyovimba namna hiyo. Na wapo waliofariki kabla ya kufikiwa na kipimo.

Dawa ya mshipa unaovuja ni kuufunga kwa pete ndogo ya mpira. Mwaka 1986 Greg Stiegmann na wenzake wa Denver, Marekani, walionyesha kwamba inawezekana kuifanya kazi hiyo kwa kupitia endoskopi. Lakini chombo chao kilibeba pete moja tu. Ukifunga mshipa mmoja unaitoa endoskopi, unatia pete nyingine, unairudisha ndani, na yote hayo kwa mgonjwa anayetapika damu. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo kikapatikana chombo chenye pete kadhaa zilizopangwa kwenye ncha. Uzi mwembamba unapita ndani ya endoskopi hadi kwenye kigurudumu kidogo kilichofungwa mpinini. Daktari anakizungusha kwa mkono wake, pete moja inaachia. Anasogea kwenye mshipa mwingine, anazungusha tena. Anaingia mara moja na kufunga mishipa kadhaa.

Nawaambieni, kigurudumu kile kimeokoa watu ambao dawa nyingi za bei ghali zisingewaokoa.

Najua atatokea mtu aseme: mbona wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa? Kazi ya hospitali ni ya ushirikiano, nawe unatafuta chombo cha mtu mmoja. Je, unataka wauguzi wapunguzwe? La hasha. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mgonjwa aliyelala ubavu huku mpira umo kooni na amepewa dawa ya usingizi anahitaji mtu wa kumtazama. Nani anaangalia pumzi yake, au kumfuta damu isije ikaingia kwenye mapafu? Muuguzi akiwa ameshika ncha ya waya wa mita 4, macho yake yako kwenye waya. Ukimwondolea waya, hujamfukuza kazi; umemrudisha kwa mgonjwa. Gabriele Schindler alishika kichwa cha mgonjwa, na mimi naona hiyo ndiyo kazi ya msaidizi. Mikono ya watu tuiachie watu, na kazi ya kushika vyuma tuiachie vyuma.

Lakini nisiseme uzuri peke yake. Ule wenzo wa Albarrán, ambao nimeusifu, ulikuja kuleta msiba katika zama zetu. Kwenye endoskopi za mrija wa nyongo una vipembe vidogo ambavyo brashi haifiki vizuri. Vijidudu vilijificha humo, na katika miaka ya 2012 hadi 2015 hospitali kadhaa za Marekani na Ulaya zilipata milipuko ya maambukizo sugu, wagonjwa wengine wakafa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa na vyakula ya Marekani ikatoa onyo, na watengenezaji wakaanza kuleta vyombo vyenye kofia ya ncha inayovuliwa na kutupwa. Daktari alikuwa amerahisishiwa, lakini mwoshaji wa vyombo hakuulizwa. Kumbe naye ni mpagazi! Mzigo uliotoka kwenye bega la mmoja ulihamia kwa mwingine, kimya kimya.

Na kuna bei. Vyombo vingi vya mtu mmoja hutengenezwa vitumike mara moja na kutupwa. Kwa hospitali tajiri huo ni urahisi. Kwa hospitali ya mkoa chombo cha kutupwa ambacho hakiwezi kununuliwa tena ni sawa na kile kipande cha mashua cha ratili 280: ni kazi safi ya fundi, na hakuna wa kukibeba.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nasema hivi. Siku serikali yetu, au mashirika ya dini, au wahisani wanapoleta vyombo vya namna hii, sherehe isianze na utepe. Ianze na maswali ya Unyanyembe. Kwanza, chombo hiki kinataka mikono mingapi, na usiku wa manane mikono hiyo ipo? Pili, nani atakiosha, na je, mwoshaji amekijaribu? Tatu, pete zikiisha, au waya ukikatika, mwingine utapatikana kwa bei gani na kwa siku ngapi? Maswali hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji tu kwamba muuguzi wa zamu na mwoshaji wa vyombo waitwe mezani kabla ya mkataba kutiwa sahihi, kama mpagazi alivyoitwa aujaribu mzigo kabla ya msafara kung'oka.

Na vijana wetu wanaosoma uhandisi wasidhani kwamba kazi ya kubuni vyombo hivi ni ya Munich na Michigan pekee. Albarrán alitoka kisiwa cha mashamba ya miwa. Alichotia kwenye chombo ni wenzo na kigurudumu, vitu ambavyo hata fundi baiskeli wa Tabora anavielewa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na wapagazi wakaondoka njiani. Busara yao haikupandishwa garimoshi. Walijua kwamba mzigo haupimwi kwa mizani ya anayeutuma. Hupimwa kwa bega la anayeubeba. Mgonjwa anayetapika damu usiku huu katika wilaya zetu hana nafasi ya kungoja mabingwa wawili na waya wa mita 4. Anaye daktari mmoja na muuguzi mmoja. Chombo kiwafuate hao.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.